Kusoma Masalia: Mfereji wa Chesapeake na Ohio Katika Somo la Historia

Mwanachuo anapokwenda mazoezi ya kufundisha na kupangiwa somo la historia, aghalabu huanza na tarehe. Huandika ubaoni mwaka, jina la mtu mashuhuri na jina la mahali, kisha huwaagiza wanafunzi wanakili. Mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa huona vichwa vikiinama na kalamu zikienda, wala hasikii swali hata moja. Tarehe yenyewe si kosa. Kosa ni kuifanya iwe mwanzo wa somo, ilhali kwa mtoto wa darasa la tano tarehe ni jibu la swali ambalo bado hajaliuliza.

Makala haya yanakusudia kueleza njia nyingine, nayo ni kuanza na kitu kilichobaki. Mfano nitakaoutumia uko mbali na sisi: ni mfereji wa kale wa Marekani uitwao Chesapeake na Ohio, ambao mashua zake zilivutwa na wanyama. Huenda msomaji akauliza kwa nini tusianze na magofu yetu wenyewe. Sababu ni kwamba mtu anayejifunza kusoma masalia huhitaji kwanza mfano ambao majibu yake yanaweza kuhakikishwa. Habari za mfereji huu ziliandikwa tangu siku ulipoanza kuchimbwa mpaka siku ulipoachwa, na masalia yake yamehifadhiwa kwa urefu wake wote. Mwanachuo anaweza kulitazama jiwe katika picha, akakisia lilikuwa na kazi gani, kisha akalipima kisio lake kwa maandishi. Akiisha kuizoea kazi hiyo, ndipo atakapokuwa tayari kuwaongoza watoto penye masalia yasiyokuwa na maandishi mengi, kama yalivyo mengi ya kwetu.

Mfereji wenyewe

Kabla ya reli kuenea, mizigo mizito katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini ilipelekwa kwa njia ya maji kila ilipowezekana. Mto wenyewe mara nyingi haukufaa, kwa maana una maporomoko, hupungua wakati wa kiangazi na hufurika wakati wa mvua. Basi watu walichimba mfereji kando ya mto, wakaujaza maji yaliyotulia, na kandokando yake wakatengeneza njia ya udongo. Juu ya njia hiyo walitembea wanyama wakivuta kwa kamba ndefu chombo kilichoelea mferejini. Hapa njia hiyo tutaiita njia ya kukokotea. Chombo tutakiita tishari, kwa kuwa kilikuwa kipana, bapa upande wa chini, na kisicho na tanga. Wanyama walikuwa nyumbu, na hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu, maana mtoto wa kwetu asikiapo nyumbu humfikiria yule wa Serengeti. Nyumbu tunayemtaja ni mnyama wa kufugwa, mtoto wa punda dume na farasi jike, mwenye nguvu na mvumilivu kuliko farasi.

Mfereji wa Chesapeake na Ohio unafuata ukingo wa mto Potomac kutoka Georgetown, ambayo sasa ni sehemu ya jiji la Washington, hadi mji wa Cumberland katika jimbo la Maryland. Urefu wake ni kilometa 297. Cumberland iko juu kuliko Georgetown kwa meta 184 hivi. Maji ya mfereji yasiyokwenda kasi hayawezi kupanda mlima, kwa hiyo wajenzi waliukata mwinuko huo vipande vipande kama ngazi, na kila kidato cha ngazi kilikuwa chumba cha mawe chenye malango mbele na nyuma. Vyumba vya namna hiyo vilikuwa 74.

Habari hizi zatosha kwa mwalimu kabla ya kuingia darasani. Wanafunzi wasipewe hata hizi zote. Wapewe picha au mchoro wa kitu kimoja, na mwalimu anyamaze kidogo.

Matembezi katika ramani

Chora mfereji wote kwenye karatasi ndefu na uibandike ukutani, kisha darasa litembee kutoka upande wa Georgetown kana kwamba linakwenda kwa miguu. Mtembezi halisi wa leo angeona nini? Katika sehemu za mwanzo angekuta maji mferejini. Lakini akiendelea mbele angefika mahali ambapo mfereji ni bonde jembamba lililonyooka, lenye nyasi na majani makavu, na miti mirefu imeota katikati yake. Uliza: mti huu una umri gani kwa vyovyote? Mtoto akifikiri kidogo ataona kwamba miti ya namna hii haioti katikati ya mfereji unaopita matishari kila siku. Kwa hiyo mti ulianza kuota baada ya maji kuondoka. Mfereji uliachwa mwaka 1924, na mwanafunzi aliyekisia kwa kutazama mti sasa anaipokea tarehe hiyo kama mtu anayepokea kitu alichokuwa akikitafuta.

Mtembezi angeona pia kwamba njia ya kukokotea ni tambarare kabisa kwa mwendo mrefu, kisha ghafula inapanda kimo cha mtu mrefu au zaidi, kisha inakuwa tambarare tena. Kila inapopanda pana chumba cha mawe. Hapa hesabu na historia zinaweza kufundishwa pamoja: gawa meta 184 kwa vyumba 74, na jibu ni meta 2.5 hivi kwa kila chumba. Mtoto amepata kwa kugawa kile ambacho mtembezi angekihisi kwa magoti.

Chumba chenyewe kilikuwa na urefu wa meta 30.5 na upana wa meta 4.6 hivi. Tishari lilikuwa na urefu wa meta 28 na upana wa meta 4.4. Wachoreni wanafunzi vipimo hivyo uwanjani kwa chokaa au majivu. Wataona mara moja kwamba nafasi iliyobaki kila upande ni kama upana wa kiganja tu. Mtu aliyeshika usukani akiwa amebeba zaidi ya tani 100 za makaa ya mawe alipaswa kuliingiza tishari humo bila kuugonga ukuta, wala halikuwa na breki. Waliosimama pembeni walizungusha kamba kwenye nguzo ili kulipunguzia mwendo. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayomfahamisha mtoto ustadi wa mtu yule kama mistari miwili ya majivu itakavyomfahamisha.

Baada ya hapo pana kitu ambacho mimi hukipenda kuliko vyote katika mfereji huu. Karibu na kijiji cha Paw Paw mto Potomac umejipinda mara nyingi, na wajenzi waliona ni heri kutoboa mlima kuliko kuufuata mto. Handaki lao lina urefu wa meta 950. Kazi ilianza mwaka 1836, fedha zikaisha, wafanyakazi wakagoma, na handaki halikufunguliwa mpaka mwaka 1850. Mkandarasi alikuwa ametumaini kupasua zaidi ya meta mbili kwa siku. Mwamba ulimruhusu meta tatu au nne kwa juma. Kwa ndani handaki limejengwa kwa mamilioni ya matofali ya kuchoma, na njia ya kukokotea inapita upande mmoja, ikiwa na uzio wa mbao wa kuwazuia nyumbu wasianguke majini. Ukipitisha mkono juu ya uzio huo utagusa mifuo iliyozama katika mbao, mingine kwa kina cha kidole. Hakuna mtu aliyeichonga. Ni kamba za kukokotea zilizoifanya, zikisugua mahali pale pale, tishari baada ya tishari, mwaka baada ya mwaka. Mifuo ya namna hiyo iko pia kwenye kingo za mawe za baadhi ya vyumba vya malango.

Mifuo hii ndiyo moyo wa somo. Jiwe la msingi lenye maandishi huwekwa na wakubwa ili tuwakumbuke. Mfuo wa kamba haukuwekwa na mtu yeyote kwa kusudi lolote, na kwa sababu hiyo hauwezi kujisifu wala kusema uongo. Unatuambia tu kwamba kazi fulani ilifanyika hapa mara nyingi mno. Nawashauri wanachuo wafanye jaribio darasani: chukua kipande cha sabuni ya mche, paka kamba ya katani mchanga wenye maji, wanafunzi wawili waivute juu ya sabuni na mwingine ahesabu mara ngapi mpaka mfuo uonekane. Kisha weka tofali badala ya sabuni, wavute mara zile zile, na waone kilichotokea. Hapo uliza: jiwe gumu je, lilihitaji mara ngapi?

Watoto wa pwani wanaweza kulijibu swali hilo bila sabuni. Katika visima vya kale vya pwani yetu kamba za ndoo zimeukata ukingo wa jiwe la matumbawe kwa namna iyo hiyo.

Chumba cha malango na kosa la kawaida

Wanafunzi wengi, na hata wanachuo, hudhani kwamba tishari lilinyanyuliwa kwa mashine, au kwamba maji yalisukumwa kutoka chini. Mchoro peke yake hauliondoi kosa hili. Chimbeni mfereji mdogo uwanjani kwenye mteremko, mkandike udongo wa mfinyanzi kingoni, na mpachike vibao viwili viwe malango. Sehemu ya juu ijazwe maji. Kipande cha mbao kiwe tishari, nacho kiingizwe chumbani kutoka chini. Lango la chini lifungwe, kisha lango la juu lifunguliwe kidogo tu. Maji yanashuka, mbao inapanda. Mwalimu aulize, Nani ameinyanyua? Watoto watatazamana, kwa sababu kila kilichosogea kwa nguvu zake kilikuwa kikishuka.

Usiwazuie wakijaribu kulifungua lango la juu lote kabla chumba hakijajaa. Kibao kitawashinda, kwa kuwa maji yanakisukuma. Chumba kikisha kuwa sawa na maji ya juu, kibao kitalegea chenyewe. Katika mfereji halisi malango yaliundwa mabawa mawili yaliyokutana kwa pembe iliyoelekea upande wa maji ya juu, hata maji yalipoyasukuma yalizidi kuyabana. Mtunzaji wa malango na mkewe waliweza kuyafungua kwa kusukuma gogo refu kwa migongo yao, lakini wakati mmoja tu: pale maji ya pande zote mbili yalipolingana.

Kila chumba kilipojazwa kilikunywa maji mengi. Zidisha meta 30.5 kwa 4.6 kwa 2.5, utapata meta za ujazo 350 hivi, yaani lita 350,000. Kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo 17,500. Mtoto anayechota maji kabla ya kuja shule hahitaji kuelezwa zaidi. Atauliza mwenyewe yalitoka wapi, na hapo mwonyeshe katika ramani kuta zilizojengwa kukatiza mto Potomac ili kugeuza maji yaingie mferejini. Swali la mtoto limekupeleka kwenye kitu kingine cha kutazama, na hivyo ndivyo somo linavyopaswa kusonga.

Kuhusu madaraja ya maji nitasema kidogo. Mito midogo iliyoukata mfereji ilivukwa kwa madaraja ya mawe yaliyobeba mfereji wenyewe pamoja na njia ya kukokotea, na yalikuwa 11. Lililo kubwa kuliko yote liko kwenye mto Monocacy, lina matao saba, nalo lilijengwa kati ya mwaka 1829 na 1833. Majeshi ya Kusini yalijaribu kulivunja mwaka 1862 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, yakashindwa. Picha yake hupendeza sana ukutani, lakini nimeona kwamba kitu kinachopendeza sana huwafanya watoto washangae tu pasipo kuuliza.

Jina nalo ni salio

Mpaka hapa darasa lina maswali mengi, na sasa maandishi yanaweza kuletwa. Anza na jina. Mfereji unaitwa Chesapeake na Ohio. Wanafunzi wautafute mto Ohio katika ramani. Wataukuta ng'ambo ya milima, mbali na Cumberland. Mfereji haukufika huko kamwe. Kwa nini basi ukaitwa hivyo?

Jina ni tumaini la watu wa mwaka 1828. Tarehe 4 Julai mwaka huo Rais John Quincy Adams alichimba udongo wa kwanza kwa sepetu. Sepetu iligonga mzizi ikakataa kuingia, mpaka Rais akavua koti lake ndipo akafaulu. Siku ile ile, mjini Baltimore, watu wengine waliweka jiwe la msingi la reli ya Baltimore na Ohio. Kwa hiyo njia mbili zilianza mbio siku moja kuelekea mto mmoja. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika huko mwaka 1850, ukaishia hapo. Mwaka 1853 treni zilikuwa zikifika mto Ohio.

Mwanachuo asifanye haraka kusema kwamba mfereji ulishindwa. Uliendelea kubeba makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka 70, na katika miaka ya 1870 mzigo wake ulikaribia tani milioni moja kwa mwaka. Mafuriko ya mwaka 1889 yaliuvunja, na baada yake ukawa chini ya kampuni ya reli ile ile. Mafuriko ya mwaka 1924 yaliumaliza. Serikali iliununua mwaka 1938, na kuanzia mwaka huo hadi 1942 vijana weusi wa Kimarekani, walioajiriwa katika mpango wa serikali wa kuwapatia vijana kazi, waliifufua sehemu ya kilometa 35 hivi kutoka Georgetown. Baadaye kulikuwa na shauri la kutengeneza barabara ya magari juu ya mfereji. Jaji William O. Douglas wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo aliwaalika waandishi wa gazeti lililounga mkono shauri hilo watembee naye njia yote. Mwezi Machi 1954 waliondoka Cumberland, na siku ya nane wakafika Washington. Waliomaliza safari nzima kwa miguu walikuwa tisa tu. Barabara haikujengwa, na mwaka 1971 mfereji wote ukawa hifadhi ya taifa ya historia.

Wasioacha jiwe

Mwalimu akiishia kwenye mawe atakuwa amefundisha nusu. Masalia hayabaki kwa haki. Jiwe hudumu, mbao huoza, kibanda cha majani hakionekani baada ya miaka mitano. Wengi wa waliouchimba mfereji walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ireland, na pamoja nao Wajerumani na Waingereza. Waliishi katika vibanda vibovu kando ya kazi, na mwaka 1832 kipindupindu kiliwaingilia, wakafa wengi na wengine wakatawanyika kwa hofu. Waashi walichonga kwa tindo alama zao ndogo kwenye mawe ili kazi ya kila mmoja itambulikane, nazo zinaonekana hadi leo. Aliyebeba udongo kwa toroli hakuwa na mahali pa kuchonga alama. Waulize wanafunzi: katika picha hizi zote, ni nani aliyefanya kazi na haonekani? Mwanafunzi akiweza kuuliza hivyo mbele ya jengo lolote, amepata elimu ya historia iliyo kubwa kuliko tarehe 20.

Katika wasioonekana walikuwamo watoto. Tishari la mfereji huu lilikuwa nyumba. Upande wa omo palikuwa na zizi la nyumbu waliopumzika, katikati mzigo, na upande wa tezi chumba kidogo cha familia. Baba alishika usukani, mama alipika na kushika usukani kwa zamu, na mtoto alitembea njiani akiwaongoza nyumbu. Safari kutoka Cumberland hadi Georgetown ilichukua takriban juma moja. Mwaka 1923 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia watoto ilitangaza uchunguzi wake juu ya watoto wa mifereji. Ilionekana kwamba tishari lilisafiri saa 15 kwa siku kwa uchache, na familia nyingi zilitaja saa 18. Watoto wadogo walifungwa kamba iliyoshikizwa juu ya tishari wasije wakaanguka majini. Msimu wa kazi ulianza majira ya machipuko, barafu ilipoyeyuka, ukaendelea mpaka mwezi Novemba au Desemba. Hivyo mtoto aliingia shule wenzake wakiwa wamekwisha kuanza, akaondoka kabla hawajamaliza.

Sehemu hii ya somo yataka busara, na wanachuo wengi huikosea kwa kuwaonea huruma watoto wa mbali mbele ya watoto walio karibu. Katika darasa lako la tano wamo wanaochunga ng'ombe, wanaovua dagaa usiku, wanaobaki nyumbani wakati wa mavuno. Ukisema kwa sauti ya masikitiko kwamba watoto wale walikuwa mafukara wasio na bahati, mchungaji aliyekaa dawati la nyuma atajua kwamba umemsema yeye. Atanyamaza, na siku nyingine hatakuambia alikuwa wapi jana. Wala si sawa kuisifu kazi ile kana kwamba ilikuwa mchezo. Ninavyoona mimi, yafaa kuuliza mambo mawili kwa uzito ulio sawa. Mtoto aliyetembea na nyumbu alijua nini ambacho mtoto wa shule hakukijua? Na alikosa nini? Kwa swali la kwanza mchungaji wako atakuwa mwalimu wa darasa: atawaambia namna mnyama aliyechoka anavyoweka masikio, na jinsi ya kumwendesha pasipo kumpiga. Kwa swali la pili usimwite kwa jina. Acha darasa lijibu, naye asikie.

Mwanachuo mmoja aliwahi kupinga kwamba mambo haya si historia bali ni malezi. Sioni mpaka uliopo baina yake. Uchunguzi wa mwaka 1923 ni ushahidi wa historia kama ulivyo mfuo wa kamba, nao unatufundisha kwamba kulikuwa na watu waliokwenda kuhesabu saa za kazi za watoto wakati kazi ile ilipokuwa bado ikiendelea.

Kutoka katika ramani kwenda uwanjani

Baada ya vipindi vitatu au vinne vya namna hii, darasa litoke. Pasiwe mbali. Katika mikoa ya kusini palikuwa na reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya Kiingereza. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Mwalimu wa huko awaulize wazee ilipita wapi, kisha wanafunzi watafute mahali ambapo ardhi imenyooka kuliko desturi ya ardhi. Walioko Kilimanjaro wana mifereji ya mashamba iliyochimbwa na mababu kwa kufuata ubavu wa mlima, na kuna wanaojua hadi leo ni ukoo upi ulioanzisha mfereji upi. Penginepo patakuwa na kisima, ghala bovu, daraja la zamani au kinu cha mawe. Apatikane kwanza ruhusa ya mwenye shamba. Kisima chochote kisicho na kifuniko kikaguliwe na mwalimu peke yake kabla wanafunzi hawajafika, na pasiwe na jiwe litakalochukuliwa kupelekwa nyumbani.

Kila mwanafunzi agawe ukurasa wake sehemu tatu: Nimeona, Nimekisia, Nimeambiwa. Ugumu wote umo katika sehemu ya kwanza, maana mtoto huandika "barabara ya zamani" mahali ambapo ameona tuta la udongo lenye nyasi tu. Mrudishe atazame tena na kuandika tuta, upana wake kwa hatua, na kilichoota juu yake. Barabara aihamishe kwenye sehemu ya pili.

Katika kusahihisha, mwanachuo asitoe alama kwa kisio lililo sahihi peke yake. Tuseme mwanafunzi ameona mifuo kwenye ukingo wa kisima akaandika kwamba watu walinolea mapanga hapo. Amekosea, lakini kama ameandika pia kwamba mifuo ni laini ndani, tena ni myembamba, basi ametazama vizuri kuliko mwenzake aliyeandika "kamba" kwa sababu alimsikia mwalimu. Mpe yule wa kwanza alama nyingi zaidi, kisha mpeni kamba na ndoo, ateke maji, na aangalie kamba inapopita.